Thomas Midgley, mtu aliyetia risasi kwenye petroli na gesi kwenye friji

Kama unakaa Awindiri au unapita pale asubuhi, unaijua ile harufu. Boda boda zinawashwa, magari ya kwenda Koboko yanapasha injini, na pembeni mtu anamimina mafuta kutoka kwenye jerikeni. Wakazi wa zamani wa Arua bado wanawazungumzia OPEC Boys, wale vijana waliouza barabarani petroli iliyovushwa kutoka upande wa Kongo. Kazi ya namna hiyo hufanywa kwa mikono mitupu, na mara nyingi kwa kunyonya mpira mdomoni mpaka mafuta yaanze kutiririka.

Katika miaka ile, petroli iliyouzwa sehemu kubwa ya Afrika ilikuwa imetiwa risasi. Hapa sisemi juu ya risasi ya bunduki. Nasema juu ya metali yenyewe, ile nzito, laini, ya rangi ya kijivu, ambayo ndiyo iliyoipa risasi ya bunduki jina lake. Metali hiyo ni sumu. Ikiingia mwilini hukaa kwenye mifupa kwa miaka mingi, na kwa mtoto mdogo huharibu ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Nani aliitia kwenye petroli, na kwa nini? Alikuwa mhandisi wa Marekani aliyeitwa Thomas Midgley. Mtu huyo huyo, miaka michache baadaye, alivumbua gesi ya friji iliyokuja kutoboa tabaka la juu la hewa linalotukinga na jua. Alipewa medali kwa yote mawili, na alikufa kabla dunia haijajua hasara yote. Naomba nikusimulie maisha yake, kwa sababu yamefika mpaka kwetu.

Midgley alizaliwa tarehe 18 Mei 1889 katika mji mdogo wa Beaver Falls, jimbo la Pennsylvania, na akakulia Columbus, Ohio. Baba yake alikuwa mvumbuzi pia. Alisoma uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Cornell na kumaliza mwaka 1911. Jambo hili ulikumbuke: kemia hakuisomea. Alijifunza kazini, kwa kujaribu na kukosea, na wanaomsifu husema hapo ndipo ilipokuwa nguvu yake.

Mwaka 1916 aliajiriwa mjini Dayton, katika maabara ya Charles Kettering, mhandisi maarufu ambaye alikuwa ameondoa taabu ya kuwasha gari kwa kuzungusha chuma kwa mkono. Kettering alimpa kijana huyo tatizo moja lililokuwa likiwasumbua watengenezaji wote wa magari: injini kugonga. Dereva yeyote wa gari la zamani ameisikia sauti hiyo gari linapopanda mlima na mzigo. Petroli hafifu hulipuka ndani ya silinda kabla ya wakati wake, injini inagonga kama inapigwa nyundo, nguvu inapungua na vyuma vinachakaa.

Dhana ya kwanza ya Midgley ilikuwa ya ajabu kidogo. Alifikiri kwamba mafuta yakitiwa rangi nyekundu yatavuta joto vizuri na kuungua taratibu. Akatafuta rangi, akapata iodini, ile dawa ya vidonda, akaitia. Injini ikanyamaza! Akajaribu rangi nyingine nyekundu, wapi. Rangi haikuwa na maana yoyote, ila iodini yenyewe ilikuwa na kitu ndani yake. Iodini ni ghali na inakula vyuma, kwa hiyo haikufaa, lakini sasa alijua kwamba dawa ya kunyamazisha injini ipo mahali fulani. Aliitafuta kwa miaka mitano. Kati ya vitu alivyojaribu kulikuwa na telurio, ambayo harufu yake ya kitunguu saumu iling'ang'ania mwilini na nguoni hata baada ya kuoga na kufua.

Tarehe 9 Desemba 1921 yeye na wenzake walitia kwenye injini kimiminika kinachoitwa tetraethili ya risasi. Kilitosha kidogo sana: takriban mililita 3 kwa galoni moja ya Marekani, ambayo ni karibu lita 3.8. Injini ilinyamaza kabisa. Tarehe 2 Februari 1923 petroli hiyo ilianza kuuzwa katika kituo kimoja cha mafuta mjini Dayton. Walioiuza waliipa jina zuri la Ethyl. Neno risasi halikuwamo katika jina hilo.

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo penye kiini cha habari.

Kwanza, madhara ya risasi hayakuwa siri. Yalijulikana tangu enzi za kale, na madaktari wa karne ya 19 waliyaona kwa wachoraji, mafundi wa mabomba na wachapaji. Midgley mwenyewe, mapema mwaka 1923, wakati petroli yake inaanza kuuzwa, ilibidi aache kazi na kwenda Florida kupumzika, kwa sababu mapafu yake yalikuwa yameathirika na risasi aliyokuwa akiishughulikia. Mwaka huo huo Chama cha Kemia cha Marekani kilimpa Medali ya Nichols kwa uvumbuzi huo.

Pili, kulikuwa na njia nyingine, na Midgley aliijua. Pombe safi, ethanoli, ile ile inayowafanya watu walewe kwa waragi, nayo huzuia injini kugonga. Yeye na Kettering walikuwa wamejaribu mafuta yaliyochanganywa na pombe, na walijua yanafanya kazi. Lakini pombe inaweza kutengenezwa na mtu yeyote mwenye mahindi, muhogo au miwa. Hakuna anayeweza kusema pombe ni yangu peke yangu. Tetraethili ya risasi ilikuwa tofauti: wenyewe walikuwa na haki ya pekee ya kuitumia, na kila lita iliyouzwa iliwaletea fedha. Mwaka 1924 kampuni ya magari ya General Motors na kampuni ya mafuta ya Standard Oil ya New Jersey ziliungana na kuunda kampuni ya kuiuza, na Midgley akawa mmoja wa viongozi wake. Usisahau hilo unapomsikia mtu akisema kwamba zamani watu hawakujua.

Waliolipa kwanza walikuwa wafanyakazi. Mwezi Oktoba 1924, katika kiwanda cha Bayway, New Jersey, wanaume waliokuwa wakitengeneza dawa hiyo walianza kuchanganyikiwa. Waliona vitu visivyokuwapo, walipiga kelele, wengine ilibidi wafungwe ili wasijiumize. Watano walikufa ndani ya siku chache, na zaidi ya 30 walilazwa hospitalini. Na huko Dayton na katika kiwanda cha Deepwater pia wafanyakazi walikufa. Jengo moja la Deepwater wafanyakazi walilibatiza Nyumba ya Vipepeo, kwa sababu waliougua walikuwa wakinyoosha mikono hewani kukamata vipepeo ambavyo hakuna mwingine aliyeviona.

Magazeti yalipopamba moto, kampuni iliita waandishi wa habari tarehe 30 Oktoba 1924. Midgley alisimama mbele yao, akajimwagia ile dawa mikononi, akaifuta, kisha akaivuta harufu yake kwa dakika nzima. Akawaambia kwamba angeweza kufanya hivyo kila siku bila kudhurika. Aliyasema hayo mtu ambaye mwaka mmoja na nusu kabla yake alikuwa amelazimika kusafiri mbali ili mapafu yake yapone.

Mimi nimeisoma habari hii mara nyingi, na bado inanishangaza. Si kwa sababu alikuwa mwongo kuliko watu wengine. Nadhani alikuwa anakiamini kitu chake, kama mzazi anavyomwamini mwanawe. Lakini alijua kitu ambacho waandishi wale hawakukijua, akakiacha.

Sauti za kupinga zilikuwapo. Daktari Alice Hamilton, aliyekuwa ametumia miaka mingi kuwachunguza wafanyakazi walioathirika na risasi viwandani, alionya kwamba sumu hiyo ikitoka kwenye mabomba ya moshi ya magari itaenea mitaani na hakuna atakayeweza kuidhibiti. Profesa Yandell Henderson wa Chuo Kikuu cha Yale alionya vivyo hivyo. Serikali ya Marekani iliitisha mkutano mwezi Mei 1925, mauzo yakasimamishwa kwa muda, kamati ikaundwa. Kamati ilichunguza kwa miezi michache tu, na ilisema haioni sababu ya kutosha ya kupiga marufuku, ingawa ilishauri uchunguzi uendelee kwa miaka mingi zaidi. Mwaka 1926 mauzo yakaendelea. Uchunguzi uliofuata, kwa karibu miaka 40, ulifanywa kwa sehemu kubwa na mtaalamu aliyelipwa na wenye biashara wenyewe, Daktari Robert Kehoe. Unaweza kukisia majibu yake yalikuwaje.

Petroli ya risasi ikasambaa duniani, ikafika na huku kwetu.

Tuje kwenye friji, na hapa lazima nimtendee Midgley haki. Katika miaka ya 1920 friji lilikuwa kitu cha hatari ndani ya nyumba. Gesi zilizotumika kupozea zilikuwa amonia, dioksidi ya salfa na kloridi ya methili. Nyingine zinakaba, nyingine zinawaka. Mtambo ukivuja usiku, watu waliweza kufa wakiwa wamelala, na ilitokea. Mwaka 1928 Kettering alimwomba Midgley atafute gesi isiyo na sumu na isiyowaka. Akiwa na mwenzake Albert Henne, alipata jibu kwa muda mfupi wa kushangaza, siku chache tu, kwa kuangalia jedwali la elementi na kufikiri. Jibu lilikuwa gesi yenye kaboni, klorini na florini. Iliuzwa kwa jina la Freon, na mafundi wa friji wanaijua kama R12.

Mwaka 1930 aliionyesha mbele ya wanakemia wenzake kwa mtindo wake ule ule wa jukwaani. Alivuta gesi hiyo mapafuni, kisha akaipuliza polepole juu ya mshumaa unaowaka, na mshumaa ukazimika. Kwa pumzi moja alikuwa amethibitisha mambo mawili: haiui na haiwaki. Safari hii alikuwa anasema kweli. Gesi ile jikoni ilikuwa salama, na iliokoa maisha ya watu wengi waliokuwa wakitumia friji za zamani. Baadaye ilitumika kwenye viyoyozi na kwenye makopo ya kupulizia dawa na manukato.

Kwa hiyo mimi siyaweki makosa haya mawili kwenye mizani moja, kama wengi wanavyofanya wanapomsimulia Midgley kana kwamba alizaliwa na mkosi. Kwenye risasi, onyo lilikuwa mezani, maiti zilikuwapo, na njia mbadala ilikuwapo. Kwenye gesi ya friji hakuna mtu mwaka 1928 aliyejua kinachotokea kilomita 20 juu ya vichwa vyetu.

Heshima ziliendelea kumwagika. Alipata Medali ya Perkin mwaka 1937, Medali ya Priestley mwaka 1941, ya Willard Gibbs mwaka 1942, na mwaka 1944 alikuwa rais wa Chama cha Kemia cha Marekani. Lakini mwaka 1940, akiwa na miaka 51, alipatwa na polio. Miguu ikapooza. Mtu wa mitambo hakukaa tu: alijitengenezea mfumo wa kamba na roda wa kumwinua kutoka kitandani. Tarehe 2 Novemba 1944, nyumbani kwake Worthington, Ohio, alikutwa amekufa, amenyongwa na kamba hizo. Alikuwa na miaka 55.

Baada ya yeye kuzikwa ndipo hesabu zilipoanza kuja.

Mtaalamu wa jiolojia, Clair Patterson, alikuwa akipima risasi kwenye mawe ili ajue umri wa dunia. Alifanikiwa: aliuweka kwenye miaka takriban bilioni 4.5. Lakini vipimo vyake vilikuwa vikiharibika kila mara, kwa sababu risasi ilikuwa kila mahali, kwenye vumbi la maabara, kwenye nywele, kwenye maji. Aliifuata mpaka kwenye theluji ya Greenland na ya ncha ya kusini, akaona kwamba theluji ya zamani ilikuwa safi na ile ya karibuni imejaa risasi. Mwaka 1965 alitangaza wazi kwamba binadamu wa leo anabeba risasi nyingi kuliko babu zake wa kale, na kwamba hilo si jambo la asili. Marekani ilianza kupunguza risasi kwenye petroli miaka ya 1970 na kuizuia kabisa kwa magari ya barabarani mwaka 1996.

Afrika ilisubiri zaidi. Mwezi Juni 2001 nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilikutana Dakar, Senegal, zikakubaliana kuiondoa, na mwanzoni mwa mwaka 2006 eneo lote lilikuwa limeacha. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, mwezi Julai 2021. Tangazo la kwamba dunia nzima imemaliza lilitolewa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, kutoka makao yake makuu Nairobi, tarehe 30 Agosti 2021. Kwa makadirio ya UNEP, hatua hiyo inazuia vifo vya mapema zaidi ya milioni 1.2 kila mwaka. Kuanzia Dayton 1923 hadi Algeria 2021 ni miaka 98.

Na gesi je? Mwaka 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwa hesabu kwamba gesi hizi, kwa kuwa haziharibiki hapa chini, hupanda juu mpaka mwanga mkali wa jua uzivunje na kuachia klorini. Chembe moja ya klorini inaweza kuharibu molekuli 100,000 za ozoni, ile hewa inayotukinga na miale ya jua inayoleta saratani ya ngozi na mtoto wa jicho. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza walioko Antaktika waliripoti kwamba ozoni juu ya vichwa vyao ilikuwa imepungua vibaya. Tarehe 16 Septemba 1987 Mkataba wa Montreal ulisainiwa. Hapa dunia ilifanya kazi haraka, tofauti na ile ya risasi. Gesi za R12 zikaondolewa, na ozoni inapona: wataalamu wanatarajia kwamba karibu mwaka 2040 itakuwa imerudi kama ilivyokuwa mwaka 1980 katika sehemu kubwa ya dunia, na juu ya Antaktika karibu mwaka 2066. Gesi zilizochukua nafasi yake nazo zikaonekana zinaongeza joto duniani, na makubaliano ya kuzipunguza yalifanyika hapa kwa majirani zetu, mjini Kigali, mwezi Oktoba 2016.

Sasa turudi nyumbani. Petroli unayonunua leo kwenye chupa Awindiri au Koboko haitakiwi kuwa na risasi, lakini ina benzini na kemikali nyingine, na mvuke wake ukiingia mapafuni unaweza kuua. Usinyonye mpira kwa mdomo. Pampu ndogo ya mkono inafanya kazi hiyo hiyo.

Risasi yenyewe haijaondoka katika maisha yetu. Imo ndani ya betri nyingi kubwa za gari na za sola, zile nzito zenye maji ya asidi. Katika makazi ya wakimbizi na vijijini, sola ndiyo taa yetu, ndiyo inayochaji simu, na betri zikifa mtu anaziona kama mali: anavunja, anamwaga asidi, anayeyusha risasi ili auze au atengeneze vizito vya nyavu. Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwaathiri wakazi na watoto wao. Phyllis Omido, mama aliyekuwa akifanya kazi pale, alimwona mwanawe anaugua, akaanza kupigania kiwanda kifungwe, na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Moshi wa kuyeyusha betri uani kwako ni sumu ile ile. Betri ikifa, iache nzima, iweke mbali na watoto na mbali na kisima, uirudishe kwa muuzaji au umuulize kiongozi wa mtaa au wa bloku yako pa kuipeleka.

Na friji. Midgley alipooza kwa polio mwaka 1940, na chanjo ya kwanza ya polio iliidhinishwa mwaka 1955, miaka 11 baada ya kifo chake. Matone ambayo mwanao anapewa leo Lobule, Rhino Camp au Imvepi yanafika yakiwa mazima kwa sababu yamekaa kwenye ubaridi njia nzima. Ukikutana na friji kuukuu, sokoni au kwa jirani, angalia kibandiko kilicho nyuma karibu na mashine. Kikiandikwa R12, hiyo ni gesi ya Midgley yenyewe. Usikubali mtu akate bomba lake ili auze shaba. Mwite fundi aliyefundishwa kuitoa gesi na kuihifadhi.